Binti Yetu Alipokuja Likizo na Vitabu Vyake



Liko jambo ambalo wazazi wengi wa siku hizi tunaliona, wala hatulisemi sana. Mtoto akiisha kwenda shule ya mbali, na hasa akifika chuo kikuu, kila arudipo nyumbani huwa kama mgeni. Tunamtandikia kitanda kizuri, tunamchinjia kuku, tunamwuliza habari za mjini; naye hujibu, "Nzuri," kisha hunyamaza. Si kwamba hatupendi, wala si kwamba sisi tumemchoka. Bali yale yanayoujaza moyo wake huko aliko sisi hatuyajui, na yale yanayozijaza siku zetu hapa yeye ameanza kuyasahau. Hivyo likizo hupita, basi humchukua tena, nao wazazi hubaki wakisema, "Mtoto amebadilika." Nataka kuwaeleza habari za likizo moja katika nyumba yetu ambayo haikupita hivyo, na sababu yake ilikuwa vitabu vitano.

Sisi twakaa katika wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga, nchi ya michungwa na minazi, chini ya milima ya Usambara ya Mashariki. Nyumbani tu watu sita: mama yangu mzazi, ambaye watoto humwita Bibi, mke wangu na mimi, binti yetu mkubwa, na ndugu zake wawili, kijana wa kidato cha tatu na mdogo wake wa kike mwenye umri wa miaka kumi na miwili. Binti yetu yuko mwaka wa pili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, asomea ualimu, na somo alipendalo kuliko yote ni Kiswahili.

Alifika jioni moja ya mwezi wa Agosti kwa basi lipitalo Chalinze na Segera. Nguo zake zilikuwa katika begi dogo. Lakini alikuwa pia na sanduku la karatasi ngumu lililofungwa kwa kamba, ambalo utingo alilitelemsha kwa mikono miwili, huku akiuliza kama ndani yake mna misumari. Mama yake alipoliona akafurahi, kwa kuwa alidhani ni sukari na vyombo. Lilipofunguliwa, tukaona madaftari ya masomo yake, na juu ya madaftari vitabu vitano.

Mama yake akasema, "Watoto wa wenzangu huja na kanga za mama zao. Wewe umekuja na karatasi. Tena umekonda, je, huko ulikuwa ukila vitabu?"

Binti akacheka, akamkumbatia. Akatueleza ya kuwa katika fedha ya mkopo wapewayo wanafunzi imo sehemu ya kununulia vitabu na viandikwa, naye hakupenda kuitumia kwa jambo lingine. Viwili alivinunua dukani. Vitatu alivipata kwa wale wauzao vitabu vilivyokwisha kusomwa, wavipangao chini kando ya barabara. Akasema, "Hivi ndivyo nivipendavyo kuliko vyote nilivyosoma. Nimechoka kuvipenda peke yangu. Nimevileta mvijue."

Neno hilo lilinigusa. Katika nyumba yetu vitabu vilikuwapo, lakini vichache: Biblia ya tafsiri iliyotoka mwaka 1952, kitabu cha nyimbo, vitabu vya shule vya watoto, na Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, nilichopewa tuzo nilipokuwa shuleni. Binti huyu alijifunza kusoma akiwa amekaa mapajani pangu na kitabu hicho, na sasa alikuwa akinirudishia.

Basi akatuwekea kawaida. Kila siku baada ya chakula cha jioni, simu zote ziwekwe juu ya kabati. Taa ya sola itungikwe katikati ya sebule. Mmoja asome kwa sauti, na wengine waendelee kupukuchua mahindi. Mtu asiyetaka kusikiliza ana ruhusa kwenda kulala. Kwa majuma manne hakuna aliyekwenda kulala mapema, isipokuwa usiku mmoja nitakaoueleza.

Kitabu cha kwanza kilikuwa Habari za Wakilindi, nacho alikichagua kwa ajili ya Bibi. Wasomaji wa sehemu zetu yafaa wajue ya kuwa kitabu hiki kilichapwa karibu na nyumbani kwetu, katika mtambo wa misioni ya Magila, na sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1895. Mwandishi wake, Abdallah bin Hemedi, alikaa miaka mingi katika nchi hii akiwatumikia wakubwa wa Kikilindi, akaandika kwa Kiswahili habari za ukoo ule uliotawala Usambara. Kinaanza na Mbegha, mtu wa Nguu, aliyeota meno ya juu kwanza alipokuwa mtoto, yaani alikuwa kigego. Jamaa zake wakamkatalia urithi kwa sababu hiyo. Akatoka kwao, akawa mwindaji wa nguruwe mwitu, akaingia Usambara akiwagawia watu nyama, mpaka watu wa Vugha wakamfanya mfalme wao.

Mama yangu hajui kusoma. Mama yake yeye alikuwa Msambaa, na habari za Mbegha alizisikia jikoni alipokuwa mtoto. Siku ile alikaa pembeni na ungo wake, kana kwamba mambo ya vitabu hayamhusu. Binti alipofika mahali ambapo wenyeji wanaona moshi wa Mbegha milimani wakamwendea, Bibi akaacha kupukuchua, akasema, "Hapo amefupisha."

Wote tukamtazama. Akaendelea, "Hawakumwendea hivi hivi. Waliogopa. Walituma kwanza watu wachache wakamtazame. Na nyama hawakuila bure, walimpelekea unga na mboga, kwa maana yeye alikuwa na nyama tupu. Aliyeandika, alipata kwa nani?"

Binti akamwambia kwa heshima ni nani aliyeandika na alikaa wapi. Bibi akafikiri, akasema, "Basi huyo aliambiwa na wakubwa. Mimi niliambiwa na wanawake."

Usiku ule kusoma hakukuendelea. Bibi alisimulia mpaka taa ikafifia. Kesho yake binti akatwaa daftari jipya, akaandika juu yake, "Kwa Bibi," na tangu siku ile kila asubuhi, walipokuwa wakichambua mchicha, mmoja alisema na mmoja aliandika. Hata likizo ilipokwisha, daftari lilikuwa limejaa, nalo sasa liko kabatini pamoja na vile vitabu vingine. Miaka mingi nimekaa na mama yangu nyumba moja, nikimpa chakula na dawa. Lakini ni mjukuu wake aliyempa nafasi ya kufundisha.

Kitabu cha pili kilikuwa Utubora Mkulima cha Shaaban Robert. Mtunzi huyu ni jirani yetu, kwa kuwa alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na mji wa Tanga, na kaburi lake liko huko huko. Kitabu chenyewe kilitoka mwaka 1968, miaka sita baada ya kufa kwake. Kinasimulia habari za Utubora, mtu aliyeacha kazi ya mshahara kwa tajiri, akaenda shamba kulima, akapata huko utulivu ambao mji haukumpa.

Yawapasa mjue kwamba kijana wetu alikuwa amenisumbua mwaka mzima akitaka kuacha shule. Msimu wa machungwa malori huja huku kwetu, mengine kutoka Kenya, na vijana wa rika lake wapandao michungwa na kupakia malori hupata fedha mkononi siku ile ile. Yeye aliona wenzake wana simu nzuri na viatu vipya, naye anakaa darasani akingoja jambo asilolijua. Nimekwisha kusema naye kwa upole, nimekwisha kusema naye kwa ukali. Basi aliposikia habari za Utubora akasimama katikati ya sebule, akasema, "Baba, umesikia? Na huyu aliyeandika ni mtu mkuu. Utubora aliacha kazi ya kalamu akashika jembe, naye anasifiwa. Mimi nikitaka hivyo hivyo nagombezwa."

Nalitaka kumjibu, lakini dada yake akanitazama, nami nikanyamaza. Akamwambia, "Mdogo wangu, Utubora aliacha kitu alichokuwa nacho. Wewe wataka kuacha kitu ambacho hujakipata bado. Hayo si mambo mamoja."

Kijana akasema, "Maneno ya kitabuni."

Dada yake akajibu, "Basi tutoke kitabuni. Jumamosi mnunuzi anakuja kutazama michungwa ya Baba. Wewe ndiwe utakayesema naye."

Asubuhi ya Ijumaa wakaenda shambani wawili. Michungwa yenye matunda tunayo arobaini. Wakachagua mitano, mikubwa kwa midogo, wakahesabu matunda ya kila mmoja, wakapata wastani wa machungwa mia tano kwa mti. Kwa arobaini ni 20,000. Mnunuzi alipokuja akatembea shambani, akatazama juu, akataja bei kama ilivyo desturi yao, ya shamba zima: shilingi 500,000. Zamani ningejibu kwa kuomba aongeze kidogo, naye angeongeza kidogo. Kijana akatoa karatasi yake, akamwambia, "Mzee, hiyo ni shilingi 25 kwa chungwa." Kisha akamtajia bei ya chungwa moja huko kituo cha mabasi Segera. Mnunuzi akacheka, akaniuliza, "Huyu umemtoa wapi?" Wakavutana nusu saa, wakaafikiana kwa shilingi 700,000, ndiyo shilingi 35 kwa chungwa.

Sitawaambia kwamba kijana alibadilika siku ile akawa mpenda shule. Hata leo asema ya kuwa kazi yake itakuwa machungwa. Lakini shule ilipofunguliwa alikwenda bila kusukumwa, na alipoagana nami alisema, "Nataka kwanza nijue hesabu za wale wenye malori." Neno hilo linanitosha kwa sasa.

Kitabu cha tatu kilikuwa Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 1963, naye akaisahihisha na kuitoa tena mwaka 1969. Hicho tulikicheza uani badala ya kukisoma. Kaizari alichomwa kwa mabua ya mahindi, na mtoto wetu mdogo alipokuwa Bruto hakuweza kusema kwa kicheko. Bibi akauliza, "Amekosa nini hata wamwue?" Tukajadiliana usiku kucha, wala hatukupatana. Binti akasema chuoni pia hawapatani.

Kitabu cha nne ni Peponi, kitabu cha Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948, akaenda Uingereza akiwa kijana, akapewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Alikiandika kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 1994; tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa na Ida Hadjivayanis ilitoka mwaka 2022. Ni habari za kijana Yusuf, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, ambaye baba yake ana deni kwa mfanyabiashara, asiweze kulilipa. Hivyo mtoto anachukuliwa akafanye kazi kwa tajiri yule, naye hajui ya kuwa yeye mwenyewe ndiye malipo.

Zamu ya kusoma ilikuwa ya mke wangu. Yeye asoma vizuri, ingawa kazi za nyumba zilimnyima nafasi kwa miaka mingi. Akasoma habari za Yusuf kupakiwa katika gari moshi pamoja na yule tajiri amwitaye mjomba. Mara sauti yake ikakatika. Akaweka kitabu chini, akaenda kulala, nasi tukabaki tumeshika magunzi mikononi.

Kesho yake, wakati wa chakula, aliwaambia watoto jambo ambalo mimi nalilijua, lakini wao hawakuwa wamelisikia. Yeye naye, alipokuwa na miaka kumi na miwili, wazazi wake walishindwa, akapelekwa mjini kufanya kazi katika nyumba ya watu waliowakopesha. Aliambiwa kwamba anakwenda kusoma. Alikaa huko miaka miwili, akifua nguo za watoto walio sawa naye kwa umri, akiwatazama wakienda shule asubuhi. Alirudi kwao kaka yake alipopata kazi. Kusoma alikokupata, alikupata baadaye, na kwa taabu.

Binti yetu mdogo, ambaye mwenyewe ana umri ule ule, akamwuliza, "Mama, mbona hukutuambia?"

Akajibu, "Nilidhani ni aibu yangu. Sasa naona mtu mwingine ameiandika, tena wamempa tuzo."

Akacheka aliposema hivyo, nasi tukacheka, kisha akamwambia binti mkubwa, "Leo nisomee mpaka mwisho. Nataka kujua kama alirudi kwao." Naye tangu siku ile hakusema tena juu ya kanga.

Nakuja sasa kwa kitabu cha tano, na hapa naomba wasomaji mnisikilize kwa uvumilivu, maana jambo hili linazihusu nyumba nyingi.

Majuma matatu yalikuwa yamepita, na kitabu kile hakijasomwa. Kilikuwa kimevikwa jalada la gazeti, na binti alikuwa akikiweka chini ya mto wake. Siku moja mzee mmoja jirani alikuja kuazima shoka, akakiona barazani, akakifunua. Jioni akanikuta njiani, akaniambia, "Mwenzangu, nimeona katika nyumba yako kitabu cha Rosa Mistika. Kitabu hicho serikali yenyewe ilikikataza. Mtu kama wewe, ufundishaye watoto wa watu, wakisikia watasema nini? Kichome moto kabla hakijakuchomea nyumba."

Alisema kwa nia njema, na ni kweli ya kuwa kitabu hicho, ambacho Euphrase Kezilahabi alikitoa mwaka 1971, kilikatazwa kwa muda, kwa sababu kinasema waziwazi mambo ya wanaume na wasichana. Tena ni kweli kwamba baadaye marufuku iliondolewa, hata kikawa kitabu cha kusomwa shuleni. Lakini sikutaka kufuata marufuku wala ruhusa kabla ya kujua kilichomo. Nikamwendea binti, nikamwambia, "Nipe kile kitabu ulichokivika gazeti." Uso wake ukabadilika. Akanipa bila neno.

Nalikisoma usiku mbili. Ni habari za msichana wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria alikozaliwa mtunzi mwenyewe. Baba yake, Zakaria, ni mlevi na mkali. Rosa apata barua kutoka kwa kijana aitwaye Charles. Baba yake aiona, ampiga vibaya. Tangu hapo msichana huyu azuiliwa kusema na mwanamume yeyote, wala hafundishwi lolote juu yao. Anapokwenda masomoni mbali na nyumbani, yuko kama mtu aliyefungiwa ndani tangu kuzaliwa, kisha akatolewa ghafula katika soko. Aanguka, na aanguka tena. Mwishoni Charles atokea, wataka kuoana. Lakini apojua kwamba Rosa si mwanamwali amwacha, na Rosa ajiondoa uhai.

Yamo humo mambo ambayo mtu hatayasoma mbele ya mtoto wa miaka kumi na miwili. Sisemi vinginevyo. Lakini nilipofunga kitabu sikuwa nikiyafikiri hayo. Nalikuwa nikimfikiri Zakaria. Yeye alitaka binti mwenye heshima, kama sisi sote tunavyotaka. Fimbo aliijua; lakini neno moja la kumweleza binti yake dunia ilivyo, hakulisema. Na mtunzi hakumwacha Rosa awe mtu wa kunyoshewa kidole tu. Alituonyesha mlango mmoja mmoja uliofungwa kabla yake.

Nikamwita binti chini ya mwembe, sisi wawili tu. Nikamwuliza, "Kwa nini wakipenda kitabu hiki?"

Akatazama chini kwa muda, akasema, "Baba, katika bweni letu tulikisoma wasichana sita. Wawili walilia. Kila mmoja alisema anamjua Rosa. Kila mmoja alisema baba yake asingekisoma."

Nikamwambia, "Mimi nimekisoma."

Akasema, "Ndiyo maana naogopa, Baba."

Nalimweleza niliyoyaona, hasa habari za Zakaria. Nikamwambia ya kuwa kitabu hakitachomwa, nacho kitawekwa kabatini pamoja na vingine, bila jalada la gazeti. Ila mdogo wake atakingoja mpaka afike umri, na siku atakapokisoma, mama yake au dada yake atakisoma pamoja naye. Akakubali. Tukanyamaza kitambo. Kisha akasema polepole, "Baba, mimi nami nimepata barua. Ni kijana tunayesoma naye. Sijamjibu. Nalikuwa nangoja kujua utafanya nini na kitabu."

Wasomaji, fikirini neno hilo. Kama ningalikichoma, barua ile ingalikuwapo vile vile. Ingalijibiwa au isingalijibiwa, mimi nisingalijua. Nikamwuliza habari za kijana, wazazi wake ni nani, na tabia yake ni ya namna gani. Akaniambia asiyoyajua na anayoyajua. Nikampa shauri langu: amalize masomo yake, asiharakishwe na mtu, wala asiende kwa siri mahali ambapo asingependa mama yake ajue. Akasema ataongea na mama yake pia, naye aliongea naye jioni ile ile jikoni, muda mrefu, mpaka wali ukashika moto chini.

Mzee jirani yangu nilimwendea baada ya siku mbili. Nikamweleza niliyoyafanya na sababu zake. Hakukubaliana nami, akasema mambo kama hayo yasemwe na mashangazi, si na vitabu. Nikamjibu kwamba mashangazi wetu wengi siku hizi wako mbali, na wasichana wetu wako mbali zaidi. Tukaachana kwa amani. Na shoka langu amekwisha kulirudisha.

Basi, ndugu zangu wazazi na walimu, nimeyaandika haya kwa sababu likizo nyingine inakuja, na watoto wenu watarudi. Nawashauri mambo machache tuliyoyaona yakifaa kwetu.

Kwanza, mwulizeni mtoto, "Unasoma kitabu gani ukipendacho?" Swali la mitihani analitazamia, naye ana jibu tayari, swali hili la pili litamfungua kinywa.

Pili, someni kwa sauti, nyumba nzima. Asiyejua kusoma ana masikio, tena huenda akawa na habari ambazo kitabu hakina. Mzee akisema, "Hapo amefupisha," wekeni kitabu chini, chukueni kalamu.

Tatu, kitabu chenye sifa mbaya kisomeni ninyi kwanza, ndipo mhukumu. Pangeni kwa umri: chakula cha mtu mzima si cha mtoto mchanga, wala kwa sababu hiyo hatukitupi jalalani.

Nne, walimu wa shule za vijijini, mkiwa na vitabu vya ziada katika makabati, waazimisheni watoto wavipeleke nyumbani wakati wa likizo. Kitabu kilichofungiwa huliwa na mchwa, wala mchwa hawafanyi mtihani.

Binti yetu amekwisha kurudi chuoni. Vitabu vyake vitano ameviacha hapa, akasema hataki kuvibeba tena, bali atavikuta akija. Mama yake alimpa fedha kidogo katika zile za machungwa, akamwambia, "Ule vizuri. Na ukibakiwa na chochote, ulete kingine."